Vanila, ua la asubuhi moja

Ninyi watoto wa Kanyabayonga mnakaa mahali pa juu sana, karibu meta 2,000 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi ukungu hupanda kutoka bonde la Rwindi, hupita juu ya mapaa na kulowesha majani bila mvua kunyesha. Siku moja ya ukungu namna hiyo, tazameni matawi makubwa ya miti mizee, hasa ile iliyosalia kando ya vijito. Mtaona juu yake mimea midogo yenye majani mazito na mizizi myeupe iliyolala juu ya gome. Pengine mtakuta na ua, jeupe au la manjano. Mimea hiyo huitwa okidi.

Watu wengi hudhani kwamba okidi hunyonya mti, kama kupe anavyomnyonya ng'ombe. Sivyo. Iko mimea mingine inayofanya hivyo: hupenyeza mizizi ndani ya tawi, hunywa maji yake, na tawi hudhoofika. Okidi hushika gome kwa nje tu, kama mtu aliyeketi juu ya kiti. Mkitaka kujua kama ni kweli, tafuteni tawi lililoanguka lenye okidi, mwinue mzizi mmoja polepole. Chini yake gome ni zima, wala halina tundu.

Basi mmea huo unakula nini huko juu? Mzizi wake umevikwa ngozi nyeupe iliyo kama sifongo. Ukungu ukipita, ngozi ile huunywa. Majani yaliyooza na vumbi lililokwama katika gome huupa chakula kidogo, na majani yake yenyewe hutengeneza chakula kwa nguvu za jua, kama majani yote ya kijani. Dondosheni maji juu ya mzizi mkavu wa okidi, nao utageuka kutoka mweupe kuwa kijani mbele ya macho yenu. Ngozi ikijaa maji huacha mwanga kupita, na rangi ya kijani iliyo ndani huonekana.

Okidi iliyo juu ya mti hai iacheni hapo ilipo. Hukua polepole mno. Mbegu zake ni nyingi sana, lakini ni ndogo kama vumbi, hazina akiba ya chakula kama punje ya mahindi au haragwe. Mbegu ya okidi hainawiri mpaka ikutane na kuvu fulani wa kuilisha. Katika maelfu ya mbegu, chache tu hupata bahati hiyo. Anayebandua okidi moja ameharibu kazi ya miaka mingi.

Katika jamii hii kubwa yenye aina zaidi ya 25,000, iko okidi moja ambayo wakulima wetu huilima ili wapate fedha. Hiyo ni vanila.

Msiitafute Kanyabayonga. Baridi ya hapa huikataza, na hata Butembo, ambako ni chini kidogo kuliko kwetu, bado ni baridi kwake. Vanila hupenda joto na unyevu, mahali pasipozidi meta 1,500. Fuateni barabara kuelekea kaskazini, mpite Kayna, Lubero na Butembo, mteremke mpaka Beni. Hapo migomba ni mirefu, kakao huota, na vanila pia hupata joto lake. Ng'ambo ya mto Semuliki, katika Uganda, wakulima wa Bundibugyo na Kasese huilima vilevile.

Vanila siyo mmea wetu wa asili. Ilitoka Meksiko na nchi za jirani zake. Wenyeji wa kule walijua harufu yake zamani sana, wakaitia katika kinywaji cha kakao. Wahispania waliofika huko mwaka 1519 walikionja kinywaji hicho, wakakipeleka kwao. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba vanila ni kitu cha Wazungu, mjibuni kwamba hao nao waliipokea kwa wengine.

Tofauti yake na ndugu zake wa matawini ni hii: vanila huanza katika udongo, kisha hupanda mti. Shina lake ni nene kama kidole, la kijani, limejaa maji. Kila penye jani, upande wa pili hutoka mzizi mmoja unaoshika gome la mti. Shina la chini likifa, sehemu ya juu huweza kuishi muda mrefu kwa mizizi hiyo. Basi anayeilima sharti afikiri habari za mimea miwili kwa pamoja, ule unaopanda na ule unaopandwa.

Kwanza panda mti wa kuegemea, kabla ya vanila yenyewe. Mbono hufaa sana, maana hushika upesi na hukubali kukatwa matawi. Kivuli kiwe nusu na jua nusu. Jua kali huunguza majani yakawa ya manjano. Kivuli kingi huleta majani mazuri pasipo maua, na mkulima hujisifu kwa shamba lisilomlipa kitu.

Kisha tafuta pando, yaani kipande cha shina chenye urefu wa meta moja au zaidi, kutoka mmea mzima usio na ugonjwa. Usilipande siku ileile. Liweke kivulini kama juma moja ili jeraha lake likauke. Ondoa majani matatu au manne ya chini, ulaze sehemu hiyo juu ya udongo laini, uifunike kwa majani makavu, na ncha iliyokatwa uiache nje isije ikaoza. Sehemu ya juu ifunge kwenye mti kwa uzi wa mgomba.

Mizizi ya vanila hutambaa juujuu, karibu na uso wa udongo. Kwa sababu hiyo usipitishe jembe karibu nayo. Palilia kwa mkono, ongeza majani yaliyooza, uache mvua ifanye kazi yake. Maji yakisimama, kuvu mbaya huingia mizizini, nayo huoza, na mmea ulioambukizwa hauponi. Ung'oe, uchome, wala usichukue pando kwake hata kama juu unaonekana mzuri.

Vanila ikiachwa itapanda mpaka kileleni, na maua yatakuwa ya ndege. Mkulima mwenye akili huikunja ikiwa na urefu wa mtu, huitundika juu ya panda ya tawi, ikashuka tena. Shina lililokunjwa na kuning'inia ndilo lenye maua mengi. Ngoja miaka miwili au mitatu. Baada ya majuma machache ya ukavu, vitumba hutokea. Sisi tulio karibu na ikweta tuna nyakati mbili za ukavu katika mwaka, basi huweza kuwa na nyakati mbili za maua.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye jambo.

Ua la vanila ni la kijani kilichochanganyika na manjano. Hufunguka alfajiri. Jua likiwa kali, saa sita mchana, limeanza kulegea. Jioni limekwisha. Halifunguki tena. Katika shada moja mna maua 15 au 20, lakini hayafunguki pamoja; leo moja, kesho moja au mawili, mpaka majuma matatu yapite. Ili ua lizae ganda, chavua, yaani unga wa kiume, lazima ufike mahali pa kike penye utomvu. Vyote viwili vimo ndani ya ua lilelile, karibu sana. Lakini katikati yake iko ngozi ndogo kama ulimi, nayo hufunga njia. Kule Meksiko wako nyuki wa msituni wanaoweza kuifungua. Nyuki wetu hupita tu.

Kwa sababu hiyo, miaka 300 baada ya Wahispania kuionja, vanila iliyopandwa nje ya nchi yake ilitoa majani na maua, lakini maganda hayakupatikana. Mwaka 1836 mtaalamu wa mimea Charles Morren, katika mji wa Liège huko Ubelgiji, alifaulu kuchavusha vanila kwa mkono ndani ya nyumba ya vioo. Lakini njia yake haikuwafikia wakulima. Aliyewapa wakulima njia alikuwa mtoto.

Jina lake Edmond. Alizaliwa mwaka 1829 katika kisiwa cha Réunion, kilicho katika Bahari ya Hindi, mashariki ya Madagaska. Alikuwa mtumwa. Mama yake alikufa alipomzaa. Watumwa hawakuwa na jina la ukoo, basi aliitwa Edmond tu. Bwana wake, Ferréol Bellier-Beaumont, alipenda mimea, akamzoeza mtoto kutembea naye bustanini. Alikuwa amemwonyesha jinsi ya kuchavusha kwa mkono ua la mmea wa jamii ya tikiti. Katika bustani hiyo mlikuwamo vanila ya miaka karibu 20, na haikuwa imezaa.

Siku moja ya mwaka 1841 bwana alikuta ganda linaning'inia. Akashangaa. Edmond akamwambia, "Nimelichavusha mimi." Bwana hakusadiki. Baada ya siku chache likaonekana ganda la pili. Ndipo alipomwambia mtoto afanye tena mbele yake. Edmond akachukua kijiti chembamba, akafungua ua, akainua ule ulimi, akasukuma chavua kwa kidole gumba mpaka penye utomvu. Basi. Alikuwa na miaka 12.

Mashamba ya jirani yakamwita awafundishe wengine. Tangu hapo njia ile ilienea, Madagaska, Komoro, Uganda, na kwetu. Mpaka leo haijapatikana iliyo bora. Kule Réunion wanawake waliozoea kazi hii huitwa wafungisha ndoa wa maua.

Edmond alipata nini? Mwaka 1848 utumwa ulikomeshwa katika kisiwa, akawa huru, akapewa jina la Albius. Fedha hakupewa. Alifanya kazi jikoni, baadaye akafungwa kwa shitaka la wizi, na bwana wake wa zamani akamwombea apunguziwe kifungo, akiwakumbusha wakubwa ni nani aliyekitajirisha kisiwa. Mtaalamu mmoja wa mimea alidai kwamba yeye ndiye aliyefundisha njia ile. Bellier-Beaumont aliandika kumkanusha, nami namsadiki, kwa maana hakuwa na faida yoyote kwa kumpa mtumwa sifa. Edmond alikufa mwaka 1880 akiwa maskini. Wenye mashamba walikuwa matajiri.

Mkienda Beni wakati wa maua mtaweza kujifunza kazi ya Edmond kwa robo saa. Ondokeni mapema, umande ungalipo. Shika ua kwa mkono wa kushoto. Kwa mwiba wa mchungwa au kijiti kilicholainishwa, pasua mdomo wa ua taratibu ili uone ndani. Weka ncha ya kijiti chini ya ulimi, uuinue juu. Sasa kwa kidole gumba bonyeza kichwa cha chavua kishuke mpaka kiguse utomvu. Ondoa kijiti, kidole kikiwa bado kimebonyeza kidogo. Mikono iwe safi. Msiliminye ua kana kwamba mnakamua nguo.

Kesho yake utajua. Ua lililopokea chavua hunyauka lakini hubaki limeshika, lisilopokea huanguka. Fundi aliyezoea huweza kuchavusha zaidi ya maua elfu asubuhi moja. Lakini asichavushe yote! Katika shada moja maua 8 au 10 yatosha. Ukiyachavusha yote 20, maganda yatakuwa membamba na mmea utachoka, hata mwaka ujao usitoe kitu. Chagueni yanayotazama chini, ili maganda yaning'inie wima.

Ua hili halingoji mtu. Mgonjwa, safari, matanga, mvua, hayajui. Na yako mambo mabaya zaidi. Tangu mwaka 2014 vijiji vingi vya pande za Beni vimeshambuliwa, na wakulima wamekimbia wakaacha mashamba. Mwezi wa sita wa 2024 watu wa Kanyabayonga nao walishika njia ya kaskazini na magodoro kichwani. Wengi wenu mnaikumbuka njia hiyo. Muhogo huweza kungoja ardhini mwenyewe arudi. Vanila haiwezi. Jamaa iliyokimbia majuma matatu ya maua imepoteza mavuno yote ya wakati huo, ingawa hakuna aliyegusa mmea hata mmoja.

Ua likishika, ganda hurefuka upesi. Baada ya majuma sita au manane limefika urefu wake, sentimeta 15 au 20, nalo linafanana na ganda kubwa la haragwe. Mtoto akilitazama atasema, "Limeiva." Halijaiva. Sharti likae juu ya mmea miezi minane au tisa tangu siku ya kuchavushwa, ndipo ncha yake ianze kugeuka manjano. Katika miezi hiyo, iliyo bila badiliko la kuonekana kwa macho, ndimo inamotengenezwa asili ya harufu. Ganda lililochumwa la miezi mitano hukauka likawa kama ubua, wala halinukii.

Basi kwa nini watu huchuma mapema? Kwa ajili ya wezi. Mwaka 2018 kilo moja ya vanila kavu ilifika karibu dola 600 katika biashara ya dunia, na baadaye bei ikaanguka vibaya. Bei ikiwa juu, mwizi huja usiku, huchuma mabichi. Mkulima akiogopa, huchuma mabichi yeye mwenyewe kabla ya mwizi. Mnunuzi hupata vitu vibaya, mwaka unaofuata hulipa kidogo, na hata yule aliyengoja huumia pamoja na wengine. Madagaska wakulima wamezoea kuchoma alama zao kwa pini juu ya maganda mabichi, herufi au namba. Kovu hubaki hata ganda likikauka, na mwizi hawezi kusema ni lake. Uganda serikali hutangaza siku ya kuanza kuchuma. Njia hizi mbili ni nzuri, ingawa mimi naona ya alama ndiyo rahisi zaidi kwa kijiji, kwa sababu haihitaji ila pini na subira.

Ganda lililokomaa, likiwa bado bichi, halina harufu. Wageni hushangaa wakilinusa. Harufu hutoka kwa kazi, na kazi hiyo ni kama ifuatavyo. Tia maganda katika kikapu, uyazamishe dakika tatu katika maji yenye joto la digrii 63 mpaka 65. Maji yanayochemka huyaharibu. Mwenye kipimajoto akitumie. Yatoe, uyafunge upesi katika blanketi za sufu, uyaweke ndani ya sanduku yatoke jasho. Kesho yake yamegeuka rangi ya chokoleti. Halafu kwa siku nyingi yatandaze juani saa chache, na yangali ya moto yafunge tena katika blanketi mpaka asubuhi. Yakiwa laini kama ukanda wa ngozi, yahamishe kivulini juu ya chanja, yakauke polepole mwezi mmoja au miwili. Kila siku yapitishe vidoleni, moja moja. Lenye ukungu mweupe wa kuoza liondoe mara moja, maana litaambukiza jirani zake.

Fanyeni hesabu hii. Kilo 6 za maganda mabichi hutoa kilo 1 ya makavu. Mama mmoja amechuma kilo 27 mabichi. Atakuwa na kilo ngapi makavu? Na kama mnunuzi wa mabichi anampa dola 10 kwa kilo, naye mnunuzi wa makavu dola 80 kwa kilo, auze yapi? Msisahau kuhesabu miezi ya kazi yake.

Biskuti na peremende nyingi zinazonukia vanila hazina vanila ndani. Mwaka 1874 Wajerumani wawili, Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann, walitengeneza harufu hiyo kutokana na maji ya msonobari, na siku hizi viwanda huitoa katika vitu vingine vya bei ndogo. Lakini harufu ya kiwanda ni kitu kimoja tu. Ganda la kweli lina mamia ya vitu vilivyochanganyika, na wapishi wanaojua hulipa zaidi kwa ajili hiyo.

Mwisho, maganda makavu hupangwa kwa urefu, hufungwa mafungu kwa uzi wa mgomba au wa ukili, hutiwa katika sanduku lililofunikwa vizuri lenye karatasi isiyopitisha mafuta. Hukaa humo miezi miwili au mitatu zaidi. Mara kwa mara mwenyewe hufungua, hutazama, hunusa, hufunika tena. Katika masanduku mengine, yasiyo mengi, siku ya kufungua huonekana juu ya maganda meusi sindano ndogo nyeupe zinazometameta kama chumvi. Mtu asiyejua hudhani ni kuvu, naye huyafuta kwa kitambaa. Siyo kuvu. Ni harufu yenyewe iliyotoka ndani ya ganda na kuganda juu yake, nayo mnunuzi huitafuta kwa macho kabla ya kutaja bei.